Daftari Kabla ya Sufuria: Mwongozo kwa Nyumba za Ibada na Wataalamu Wanaokabili Njaa

Nyumba ya ibada ikitangaza kwamba Jumamosi itagawa chakula, foleni itajaa. Chakula kitagawiwa, kitaliwa, na msimu ujao watu walewale watarudi, pengine wakiwa wengi zaidi. Kinachokosekana mara nyingi ni maandishi: hakuna aliyeandika kwa nini kila mmoja alikuja. Mjane aliyenyang'anywa shamba na ndugu wa marehemu, kibarua asiyelipwa kwa miezi miwili na mkulima aliyekosa mvua wamepewa mfuko uleule, na wote watatu wamerudi nyumbani na tatizo lao vilevile.

Waumini wanawajua wenye njaa kwa sura na kwa mlango. Wataalamu wa lishe, takwimu, kilimo na sheria wanajua kupima njaa na kufuatilia chanzo chake, lakini wakibisha hodi wanajibiwa kwa tahadhari. Kinachoweza kuwakutanisha ni daftari moja linalojazwa vizuri: linaonyesha nani ale nini wiki hii, na baadaye linakuwa ushahidi mbele ya mwenye mamlaka. Hatua zinazofuata zimepangwa kwa kulizunguka daftari hilo.

Hatua ya 1: Undeni kamati na mwandike ukurasa mmoja

Watu 9 wanatosha. Wakizidi, vikao havifiki mwisho. Wakipungua chini ya 7, mmoja akiugua kazi inasimama. Watatu watoke kwenye nyumba za ibada, ikiwezekana za dini zaidi ya moja. Watatu wawe wataalamu: mmoja wa lishe au afya ya jamii, mmoja anayejua takwimu au uchumi wa kilimo, mmoja anayejua sheria au bajeti za serikali. Msitafute majina makubwa. Nesi mstaafu anayejua kupima watoto na anayehudhuria kila kikao ana faida kuliko msomi asiyepokea simu.

Watatu waliobaki wawe watu wanaoishi na njaa yenyewe. Hawa ndio husahaulika, au huwekwa mmoja kwa ajili ya picha. Mmoja peke yake hatafungua kinywa mbele ya shehe, mchungaji na daktari. Wakiwa watatu watatazamana, na mmoja atasema.

Kabla ya kununua hata kilo moja ya unga, andikeni ukurasa mmoja wa makubaliano wenye mambo manne, kila mjumbe atie saini:

- Msaada hautolewi kwa sharti la dini, wala hautumiwi kuvuta waumini. Kanuni za maadili za mwaka 1994 za Shirika la Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu na mashirika yasiyo ya kiserikali zinasema hivyo waziwazi. Mahubiri yana siku yake na mahali pake. Foleni ya chakula si mojawapo.
- Hakuna mgombea wala chama kitakachotumia mifuko, gari au jukwaa la kazi hii.
- Taarifa za kaya ni mali ya kamati. Mtaalamu hawezi kuzichapisha kwingine bila ruhusa ya maandishi, na kiongozi wa dini hawezi kuzisoma madhabahuni.
- Ikibainika kwamba mfadhili mkubwa ndiye chanzo cha njaa, kwa mfano halipi vibarua wake, kazi itaendelea vilevile.

Hilo la nne huonekana la kupita kiasi siku ya kwanza. Liandikeni. Likitokea bila kuandikwa, kamati itagawanyika usiku mmoja, kwa sababu paa la nyumba ya ibada limeezekwa kwa pesa za mtu huyohuyo.

Fedha ziwekwe kwenye akaunti ya peke yake, yenye watia saini watatu, na hundi yoyote iwe na saini za wawili wasio ndugu. Daftari la fedha liwe na safu tofauti kwa kila aina ya mchango, maana pesa za dini zina masharti yake. Zaka ya Kiislamu ina makundi manane ya wanaostahili, yaliyotajwa katika Sura ya At-Tawba, aya ya 60, na wanazuoni wengi wanataka mpokeaji aimiliki kabisa. Kwa hiyo kuitumia kukodi gari au kupikia chungu cha watu wote kunaweza kuleta mzozo, wakati kumkabidhi fukara unga au fedha mkononi hakuna shaka. Zaka ya fitri nayo ina muda: itolewe kabla ya sala ya Idi. Upande wa makanisa, sadaka iliyokusanywa kwa tangazo la chakula isilipie wakili. Tangazeni mfuko wa pili wa kutetea haki, na mseme wazi ni wa nini. Muumini akidanganywa mara moja kuhusu pesa yake, hatoi tena.

Hatua ya 2: Pimeni njaa kwa maswali matano

Kipimo rahisi ambacho mjitolea yeyote aliyefunzwa kwa siku moja anaweza kukitumia kinauliza kaya mambo matano. Katika siku 7 zilizopita, kwa sababu hakukuwa na chakula wala fedha ya kukinunua, ni siku ngapi kaya ililazimika:

- kula chakula cha bei nafuu zaidi au kisichopendwa (kila siku alama 1)
- kukopa chakula au kutegemea msaada wa ndugu na majirani (alama 2)
- kupunguza kiasi cha chakula kwenye mlo (alama 1)
- watu wazima kujinyima ili watoto wale (alama 3)
- kupunguza idadi ya milo kwa siku (alama 1)

Zidisha siku kwa alama, kisha jumlisha. Kaya iliyokula chakula duni siku 5, ikakopa siku 2, ikapunguza kiasi siku 4, wazazi wakajinyima siku 3 na milo ikapunguzwa siku 3, inapata 5 + 4 + 4 + 9 + 3, yaani 25. Kiwango cha juu kabisa ni 56. Kwa vigezo vya IPC, mfumo wa kimataifa wa kupanga awamu za uhaba wa chakula, alama 0 hadi 3 ni hali ya kawaida, 4 hadi 18 ni hali ya mkazo, na 19 kwenda juu ni hali ya mgogoro au mbaya zaidi. Kaya ya mfano wetu haiwezi kusubiri kikao cha mwezi ujao.

Kipimo hiki huharibika kwa njia zinazojulikana. Ya kwanza ni mfungo. Wakati wa Ramadhani au Kwaresima watu hupunguza milo kwa ibada, na mjitolea anayesahau maneno "kwa sababu hakukuwa na chakula wala fedha" ataandika ucha Mungu kuwa ni njaa. Ya pili ni kuuliza mbele ya majirani. Mwenye heshima zake atasema amekula. Ya tatu ni kumtuma mgawaji wa chakula awe ndiye muulizaji: hapo kila mtu atasema hajala wiki nzima, na huwezi kumlaumu. Muulizaji awe mtu mwingine, aseme mapema kwamba majibu hayo peke yake hayaamui nani apewe, na hilo liwe kweli.

Msiwapime waumini wenu tu. Chukueni orodha ya kaya zote za eneo. Kama ni 400 na mnaweza kuhoji 40, chagueni kwa bahati nasibu namba kati ya 1 na 10, muanzie hapo, kisha kila kaya ya kumi. Kaya 40 hazitoshi kutangaza asilimia za uhakika, ila zinaonyesha njaa imekaa upande gani wa eneo na ina sura gani. Baada ya hapo ndipo muwafikie wengine mlango kwa mlango.

Watoto wa miezi 6 hadi 59 wapimwe kwa utepe wa rangi tatu unaozungushwa mkono wa juu. Tumieni mkono wa kushoto: tafuteni katikati ya ncha ya bega na ncha ya kiwiko huku mkono umekunjwa, wekeni alama, kisha mkono uning'inie kwa ulegevu ndipo mpime. Utepe uguse ngozi bila kuibana. Chini ya milimita 115 (rangi nyekundu) ni utapiamlo mkali. 115 hadi chini ya 125 (njano) ni wa kadiri. 125 na zaidi (kijani) ni salama kwa kipimo hiki. Kisha bonyezeni nyayo zote mbili kwa juu, kwa vidole gumba, kwa sekunde 3. Kama shimo linabaki kwenye miguu yote miwili, huo ni uvimbe wa utapiamlo mkali hata kama utepe umesoma kijani.

Mtoto mwenye utepe mwekundu au uvimbe huo apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Msijaribu kumshibisha wenyewe, ingawa moyo utawasukuma kufanya hivyo. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu ukipewa chakula kingi ghafla, chumvichumvi za damu hushuka na moyo unaweza kushindwa kufanya kazi. Tena mtoto aliyedhoofu kupita kiasi anaweza kuwa na maambukizi makali bila homa. Kazi ya nyumba ya ibada hapa ni nauli, mtu wa kumsindikiza mama, na mtu wa kubaki na watoto wengine nyumbani. Mama wengi hukatisha matibabu kwa sababu hiyo ya tatu.

Hatua ya 3: Safu za daftari

Kila kaya ipewe namba. Majina yawe kwenye orodha nyingine iliyofungiwa, na ufunguo wake ujulikane na watu wawili tu. Kwenye daftari la kazi andikeni namba ya kaya, idadi ya watu kwa umri (chini ya miezi 6, miezi 6 hadi 23, miaka 2 hadi 4, 5 hadi 17, 18 hadi 59, na 60 kwenda juu), wajawazito na wanaonyonyesha, walemavu na wagonjwa wa muda mrefu, alama za maswali matano, na sababu.

Safu ya dini isiwepo. Haihitajiki kwa uamuzi wowote, na daftari likiibwa siku ya fujo, safu hiyo inaweza kumwumiza mtu.

Safu ya sababu ndiyo yenye thamani kuliko zote, na ndiyo hujazwa kivivu. "Umaskini" si sababu. Ni jina la jumla la tatizo lenyewe. Ulizeni "kwa nini" mpaka mfike kwa mtu, sheria, bei au tukio. Hakuna chakula. Kwa nini? Hakuna pesa. Kwa nini? Kibarua kimesimama. Kwa nini? Mwajiri amewaondoa wote waliodai malipo ya miezi miwili. Hapo mmefika. Baada ya kaya 30 hivi mtaona sababu zinajirudia, nazo zipewe namba: mishahara isiyolipwa, ardhi au urithi ulioporwa, deni, mazao yaliyoharibika, bei, ugonjwa au msiba, kukosa kitambulisho na hivyo kukosa msaada wa serikali, maji. Acheni nafasi ya "mengineyo" na muisome kila wiki, kwani huko ndiko mambo mapya huanza kujitokeza.

Kila anayehojiwa aambiwe taarifa zake zitatumikaje na kwamba akikataa kujibu hatakosa chakula.

Hatua ya 4: Amueni kama ni fedha, chakula kikavu au chakula kilichopikwa

Tumeni watu wawili sokoni wakaulize wauzaji wasiopungua watano: mnacho chakula cha kutosha? Wateja wakiongezeka kwa theluthi moja, mtaleta mzigo mwingine ndani ya siku ngapi? Wakijibu kwamba mzigo upo na gari linafika, toeni fedha au vocha. Mtu hununua anachohitaji, mfanyabiashara mdogo hafilisiki kwa unga wa bure, na hakuna gharama ya ghala. Kama maduka ni matupu au barabara imekatika, fedha zitapandisha bei tu. Hapo leteni chakula. Chakula kilichopikwa kiwe kwa wasio na jiko wala kuni: waliohamishwa siku za kwanza, wazee wanaoishi peke yao, wanaolala nje.

Mkiamua kutoa chakula kikavu, pigeni hesabu kwa gramu. Viwango vya Sphere, yaani viwango vya kimataifa vya misaada ya kibinadamu, vinaanzia kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku, asilimia 10 hadi 12 zikitoka kwenye protini na angalau 17 kwenye mafuta. Mgawo unaozoeleka katika kazi za dharura ni nafaka gramu 400, mikunde gramu 60, mafuta yaliyoongezwa vitamini A gramu 25, unga lishe ulioongezwa virutubisho gramu 50, sukari gramu 15 na chumvi yenye madini joto gramu 5. Kwa kaya ya watu 5 kwa siku 30 hiyo ni nafaka kilo 60, mikunde kilo 9, mafuta kilo 3.75 (lita 4 hivi), unga lishe kilo 7.5, sukari kilo 2.25 na chumvi gramu 750.

Jumla inazidi kilo 83. Nani ataibeba? Bibi wa miaka 70 atamlipa kijana kwa sehemu ya unga huohuo, na hilo halitaonekana kwenye ripoti yoyote. Gaweni kila wiki mbili, au pangeni wabebaji wa kujitolea waliosajiliwa.

Kitu cha kwanza kukatwa bajeti ikibana huwa ni mafuta, na hapo ndipo hesabu huvunjika. Gramu moja ya mafuta ina kilokalori 9. Ya nafaka ina 3.5 hivi. Mtoto wa mwaka mmoja ana tumbo dogo: uji mwepesi wa nafaka tupu utamjaza kabla haujamlisha. Kitu cha pili kinachosahaulika ni gharama ya kusaga na ya kuni. Nafaka nzima isiyo na mashine ya kusagia karibu itauzwa, na mikunde mikavu inayotaka saa tatu jikoni itauzwa pia. Waulizeni wapishi wenyewe kabla ya kuagiza.

Maziwa ya kopo ya watoto wachanga msiyapokee wala msiyagawe kwa wote, hata yakija bure kwa gari zima. Mtoto chini ya miezi 6 anahitaji maziwa ya mama peke yake. Maziwa ya unga yakichanganywa na maji machafu huleta kuhara, na mama aliyeacha kunyonyesha wiki chache hurudi kwa shida. Mkutano wa Afya Duniani ulipitisha kanuni za kuzuia utangazaji na ugawaji holela wa maziwa hayo mwaka 1981. Mtoto asiye na mama aelekezwe kwa mtaalamu wa lishe, ampangie yeye peke yake.

Hatua ya 5: Ghala na jiko

Magunia yakae juu ya mbao, sentimita 10 hadi 15 kutoka sakafuni, na yaache nafasi ya mtu kupita kati yake na ukuta. Kinachokaribia kuisha muda kitoke kwanza. Nafaka yenye unyevu ni hatari kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, na sumukuvu haiondoki kwa kupika. Kama hamna kipima unyevu, chukueni chupa kavu yenye mfuniko, tieni nafaka hadi theluthi moja na kijiko kikubwa cha chumvi kavu, tikiseni kwa dakika 2 au 3, muiache dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi kama asilimia 15: rudisheni kwa muuzaji, au muanike tena kabla ya kupokea.

Jikoni kuna kanuni chache zisizo na mjadala. Chakula cha moto kibaki juu ya nyuzi 60 za Selsiasi, cha baridi chini ya 5. Katikati ya hapo, bakteria huzaana. Chakula kikikaa humo zaidi ya saa 2, hesabuni kuwa kimeharibika hata kama kinanukia vizuri. Sufuria ya lita 100 haipoi yenyewe kwa wakati: mimineni kwenye sinia zenye kina kisichozidi sentimita 5 au 6. Maharage mekundu yaloweshwe, maji yamwagwe, kisha yachemke kwa nguvu dakika zisizopungua 10, kwani moto mdogo pekee hauvunji sumu yake ya asili. Mpishi mwenye kuhara asiingie jikoni mpaka saa 48 zipite tangu apone, naye alipwe siku hizo, la sivyo ataficha.

Hatua ya 6: Siku ya kugawa

Siku mbili kabla, bandikeni ubao wenye picha za vyakula na kiasi cha kila mtu kwa kipimo kinachotumika: vikombe vingapi, chupa ngapi. Asiyejua kusoma aweze kudai haki yake. Vipimo vyote vipimwe kwenye mizani asubuhi hiyo mbele ya wapokeaji, maana kikombe cha unga ulioshindiliwa na cha unga uliochekechwa havina uzito mmoja.

Iteni watu 50 kwa saa, mkianza na wazee, wajawazito na walemavu kwenye dirisha lao. Mpange kumaliza angalau saa 2 kabla ya jua kuzama. Mwanamke aliyebeba chakula gizani ni windo. Penye njia ya kutoka, mtu mmoja apime mzigo wa kila kaya ya ishirini. Upungufu ukizidi asilimia 5, simamisheni mstari huo na mwangalie kikombe, au mkono unaokishika.

Meza ya malalamiko ikae mbali kidogo, na mkaaji wake asiwe kwenye timu ya ugawaji. Wagawaji wafanye kazi wawiliwawili, kamwe mtu asipelekewe chakula nyumbani na mtu mmoja. Chakula kimetumika kudai ngono mahali pengi, pamoja na ndani ya nyumba za ibada, kwa hiyo bandikeni namba ya simu ya mtu wa nje ya kamati anayepokea taarifa za aina hiyo. Picha za wapokeaji zisipigwe. Mfadhili anayetaka uthibitisho apewe hesabu, risiti na matokeo ya mizani.

Hatua ya 7: Fungueni daftari upande wa haki

Baada ya ugawaji wa pili au wa tatu, mtakwimu ahesabu safu ya sababu. Tuseme kati ya kaya 120, kaya 46 zimeandikwa mishahara isiyolipwa, 31 urithi ulioporwa, 18 kukosa kitambulisho, na 25 mengineyo. Sasa kamati inajua kwamba wingi wa foleni unatokana na mambo matatu yanayoweza kushughulikiwa bila kusubiri mvua.

Hapa mwanasheria anaanza kazi. Haki ya chakula imo kwenye ibara ya 25 ya Azimio la Kimataifa la Haki za Binadamu la 1948 na ibara ya 11 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kiutamaduni wa 1966. Angalieni kwanza kama nchi yenu imeuridhia mkataba huo, na katiba yenu inasemaje. Mwaka 1999 kamati ya Umoja wa Mataifa inayousimamia ilieleza wajibu wa dola kwa vitenzi vitatu: kuheshimu, kulinda, kutimiza. Pitisheni kila sababu hapo. Serikali yenyewe imemwondoa mtu kwenye shamba lake: imeshindwa kuheshimu. Mwajiri halipi na mkaguzi wa kazi anajua: imeshindwa kulinda. Mzee anastahili posho lakini hakuandikishwa kwa kukosa kitambulisho: imeshindwa kutimiza. Kosa likishapata kitenzi chake, mlango wa kubisha unajulikana.

Kisha jiulizeni: ni nani anayeweza kutia saini karatasi itakayobadilisha jambo hili? Andikeni cheo chake. Malalamiko yanayoelekezwa kwa "wahusika" hayafiki kwa mtu. Andikeni waraka wa kurasa 2: aya moja ya tatizo kwa namba, aya moja ya jinsi mlivyohesabu, kifungu cha sheria, ombi moja tu, na tarehe ya kujibiwa. Ombi moja. Waraka wenye maombi kumi hupewa jibu la lile rahisi kuliko yote, na tisa yanalala.

Ngazi za kupanda ni hizi: kikao cha ana kwa ana bila kamera, waraka wenye muhuri wa kupokelewa, kikao cha hadhara ambapo mwenye mamlaka anajibu mbele ya watu, na mwisho mahakama au tume ya haki za binadamu. Msiruke ngazi ya kwanza. Mara nyingi ofisa hakuwa na namba, na akizipata kwa heshima hushughulikia. Msikae kwenye ngazi hiyo mwaka mzima pia. Chai ya ofisini ina njia yake ya kulainisha watu wa dini.

Kwenye kikao, mgawanyo wa maneno uwe hivi. Mwenye njaa anaeleza kilichotokea. Mtaalamu anaeleza namba na sheria. Kiongozi wa dini anasema kwa nini jambo hili ni dhuluma, kwa lugha ya imani yake: Mambo ya Walawi 19 inamkataza mkulima kuvuna mpaka pembe za shamba lake ili maskini wapate, na Sura ya Al-Maun inamkemea asiyehimiza kulisha maskini. Mambo huharibika wanapobadilishana viti: shehe au askofu akitaja asilimia asizoweza kuzitetea, ofisa atazipasua, mtakwimu akihubiri, watu watatazama saa zao.

Walindeni waliotoa taarifa. Msitangaze takwimu ya kundi lenye kaya chini ya 5, maana mwajiri atajua ni akina nani. Vibarua 46 wakiwa tayari kujitokeza, waende pamoja. Mmoja akitangulia atafukuzwa. Na kwa kuwa baadhi ya nchi zinaweza kuzinyima nyumba za ibada msamaha wa kodi zikimpigia debe mgombea, mwanasheria asome kila tangazo wakati wa uchaguzi.

Lipo jambo la kufanya kabla ya barua ya kwanza kutoka. Nyumba ya ibada ijikague: mlinzi wake, mfagiaji wake na mpishi wake wanalipwa kiasi gani, na kwa tarehe? Ardhi yake iliyolala pori inaweza kulimwa na nani? Mwajiri aliyeandikiwa barua atauliza hayo mbele ya watu, na ni bora jibu liwepo.

Hatua ya 8: Pimeni tena, na mjue namna ya kuacha

Kila baada ya miezi 3 rudieni maswali matano kwa kaya zilezile, kwa maneno yaleyale. Kulinganisha mwezi wa mavuno na mwezi wa uhaba kutawadanganya. Mwaka ujao linganisheni mwezi na mwezi wake. Matokeo yasomwe kwanza kwa wapokeaji, kabla ya wafadhili. Wao ndio watakaosema kwamba alama zimeshuka kwa sababu kaya maskini zaidi zimehama eneo, jambo ambalo jedwali haliwezi kulionyesha.

Msisimamishe ugawaji katikati ya msimu wa uhaba, wala kwa tangazo la siku moja. Tangazeni mizunguko 2 kabla, muanze na kaya zilizokaa chini ya alama 4 kwa vipimo viwili mfululizo, na ziachwe kwenye daftari kwa miezi 6 ili zikidondoka tena zisianze upya foleni. Kaya zilizo chini ya sababu ambayo bado haijajibiwa na mwenye mamlaka ziendelee kupewa, na kila mgawo wao uandikwe kwenye waraka unaofuata kama gharama iliyobebwa na waumini kwa niaba ya aliyeshindwa wajibu wake.